Utafiti Tumizi kwa Wazee, Wanafunzi na Wageni wa Makumbusho Mtwara na Lindi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yametokana na maswali tunayoulizwa kwenye mikutano ya vijiji, ofisi za walimu, vibaraza vya zahanati na, mara nyingi kuliko tulivyotarajia, ndani ya basi la kwenda Newala. Tumemwandikia mwananchi ambaye huenda akabishiwa hodi na mtafiti, pamoja na mwalimu, mhudumu wa afya au mwanafunzi wa chuo anayetaka kuianza kazi hii mwenyewe. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu swali lenyewe lina kona nyingi, na mengine yanatosheka na sentensi chache.

Utafiti tumizi ni utafiti wa namna gani?

Ni utafiti unaoanza na tatizo ambalo mtu fulani analo leo, na ambao haujakamilika mpaka mtu huyo apate cha kufanya tofauti na alivyokuwa akifanya. Utafiti wa kimsingi huuliza kumbukumbu ya binadamu inafanyaje kazi. Utafiti tumizi huuliza kwa nini bibi fulani wa Kitangari husahau kumeza dawa ya shinikizo la damu jioni ilhali ya asubuhi haikosi hata siku moja, na kama dawa ya jioni ikiambatanishwa na jambo analolifanya kila siku bila kukumbushwa, kwa mfano kutia udhu kabla ya swala ya magharibi, hali itabadilika au la.

Aina hizi mbili hutegemeana. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyechapisha mwaka 1885 matokeo ya kujipima mwenyewe jinsi alivyokuwa akisahau silabi zisizo na maana, hakuwa akimfikiria mwalimu wa Masasi, lakini mwalimu wa Masasi anayelirudia somo la Jumatatu siku ya Alhamisi, badala ya kulirudia papo hapo, anatumia alichokiona Ebbinghaus.

Kwa nini mmeweka pamoja wazee, wanafunzi na makumbusho? Mbona ni mambo matatu yasiyohusiana?

Yanahusiana kwa ugumu wa kuyapima. Korosho zikifika ghalani huwekwa kwenye mizani, sampuli ikakatwa, daraja likajulikana, na mkulima hata akinung'unika, angalau ameiona mizani. Mzee aliyetunzwa vizuri, mtoto aliyeelewa somo na mgeni aliyetoka Kilwa Kisiwani akiwa amejifunza kitu hawana mizani ya namna hiyo, kwa kuwa kilichobadilika kiko ndani ya mtu. Mtafiti hubaki na vyombo vitatu tu, yaani macho yake, saa yake na maneno, na kati ya hivyo vitatu maneno ndiyo yanayomponza zaidi. Sehemu kubwa ya ukurasa huu, msomaji ataona, ni habari za maneno yaliyoulizwa vibaya.

Sababu ya pili ni ya kawaida kabisa: katika nyumba nyingi za huku watu hao ni walewale. Mwanafunzi wa darasa la sita ndiye anayemshika bibi mkono kwenda msalani, na bibi ndiye anayejua kile chombo kilichowekwa kwenye kabati la kioo kilitumikaje.

Mzee ni nani hasa? Na asiyejua mwaka aliozaliwa mnamhesabuje?

Kwa mujibu wa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni mtu aliyefikisha umri wa miaka 60. Kwenye karatasi jambo hilo ni jepesi. Kijijini, watu wengi wa rika hilo hawakuandikishwa walipozaliwa, na tarehe iliyoandikwa kwenye kitambulisho mara nyingi ni ya kukadiria, ndiyo maana utakuta wazee wengi wamezaliwa tarehe 1 Januari au 1 Julai.

Hapo tunatumia kalenda ya matukio, ambayo Kusini ina utajiri wake. Kuna mradi wa karanga wa Nachingwea, ulioanzishwa na Waingereza mwaka 1947 na kuachwa mwaka 1951 baada ya kula fedha nyingi. Kuna kimbunga kilichoipiga Lindi mwezi Aprili 1952. Kuna Uhuru mwezi Desemba 1961, Azimio la Arusha mwaka 1967, na watu kuhamishiwa vijijini katikati ya miaka ya 1970. Hatumuulizi mzee alizaliwa lini. Tunamuuliza kama wakati wa Uhuru alikuwa amekwisha kuzaliwa, alikuwa anatambaa, au alikuwa ameshaingia jandoni. Aliyezaliwa kabla ya Uhuru amekwisha kuvuka 60 bila ubishi. Wa kubishaniwa ni wale wa miaka ya katikati ya 1960, na kwao tunawauliza pia ndugu na watu wa rika lao, kwa sababu wana jando wa mwaka mmoja hawasahauliani.

Mkija nyumbani kwa mzee mnampima nini?

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2017 mwongozo wa huduma jumuishi kwa wazee, na mwaka 2019 likaongeza kitabu cha mkononi cha kuwasaidia wahudumu. Humo mzee hatazamwi kwa orodha ya magonjwa yake, bali kwa uwezo alionao: kukumbuka na kufikiri, kutembea, kula na uzito, kuona, kusikia, na hali ya moyo, yaani kama ana huzuni au la. Vipimo vya awali ni vyepesi na havihitaji maabara, jambo linalofaa mno kwa zahanati iliyoko kilomita nyingi kutoka hospitali.

Wepesi huo ndio unaotega watu. Kipimo kimojawapo cha kumbukumbu humtaka mzee ashike maneno matatu na kuyataja baadaye, na mfano uliotolewa na kitabu hicho kwa Kiingereza hutafsirika kuwa ua, mlango na mchele. Siku ya kwanza tulipoyajaribu, bibi mmoja alimtazama mwenzetu kwa muda, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, ua gani? La mti au la nyumba?" Swali lake lilikuwa sahihi kuliko kipimo chetu, kwa kuwa neno hilo moja ni ua la kunusa, ni ua wa makuti, na kwa anayesikia kwa shida ni amri ya kuua. Tangu siku hiyo tunatumia maneno yasiyo na mapacha, na tunayajaribu kwanza kwa wazee ambao hawamo katika utafiti.

Swali la tarehe nalo lina hila yake. Mzee anayejibu kwamba leo ni tarehe tisa Mfungo Tatu hajapotea hata kidogo. Anafuata mwezi mwandamo, na huenda anajua tarehe yake vizuri kuliko mtafiti anayechungulia simu. Mtafiti mvivu atamwandikia sifuri na kumtangaza kuwa ana tatizo la kumbukumbu.

Cha tatu ni kiti. Kipimo cha nguvu za miguu humtaka mzee akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara tano bila kujishika popote, na inatazamiwa amalize ndani ya sekunde 14. Sasa nyumba hii ina kiti cha mbao, ile ina kigoda, na ya tatu ina baraza ya udongo. Kuinuka kutoka kwenye kigoda ni kazi kubwa kuliko kuinuka kitini, kwa hiyo ukipima kila mtu alipokaa utakuwa umelinganisha fanicha, hujalinganisha miguu. Dawa yake haina elimu kubwa: tunabeba kiti kimoja, tumekifunga nyuma ya bodaboda, na ndicho kinachozunguka vijiji vyote. Watoto wa Tandahimba walikwisha kutupa jina la wauza kiti.

Je, hayo ni matibabu?

Hapana. Utafiti hutafuta kujua, na hospitali hutibu. Hata hivyo, mtafiti akikuta shinikizo la damu limepanda mno au jicho lenye mtoto wa jicho, hana ruhusa ya kuandika namba na kuondoka. Anapaswa kumweleza mzee na familia, na kumwandikia aende kituo cha afya.

Kwa nini mnamhoji pia anayemtunza mzee?

Kwa sababu bila yeye picha ni nusu. Huku Kusini makao ya wazee ni machache na watu hawayapendi. Anayetunza ni binti, mkamwana, au mjukuu aliyeachwa kijijini wazazi walipokwenda Dar es Salaam kutafuta. Kazi yake haina mshahara wala likizo, na mara nyingi hata yeye mwenyewe haiiti kazi. Ukimuuliza, "Unafanya kazi gani?" atajibu kwamba analima. Ukimwomba akusimulie siku ya jana tangu alfajiri mpaka alipolala, ndipo utakaposikia maji ya kuoga yaliyobandikwa mara mbili, uji uliokorogwa tena kwa sababu wa kwanza ulipoa, na usiku ulioamkiwa mara tatu.

Msimu nao hubadilisha kila kitu. Kuanzia Septemba hivi hadi mwisho wa mwaka korosho zinaanguka, na mwenye nguvu yuko shambani akiokota kabla jua halijawa kali. Mzee aliyekuwa na watu wanne mwezi Juni anaweza kubaki na mtoto mmoja mwezi Oktoba. Utafiti uliofanywa Juni peke yake utasema mambo ni shwari, na hautakuwa umedanganya, ila utakuwa umefika siku ya wageni.

Tafiti za elimu zimewahi kugundua jambo gani la kumsaidia mwanafunzi wa kawaida?

Yapo mengi, ila tutaje mawili yenye ushahidi mzito.

La kwanza ni la namna ya kusoma. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma. Wengine walivisoma tena, na wengine waliyafunga makaratasi na kuandika walichokikumbuka. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma waliongoza, kwa asilimia 81 dhidi ya 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, na waliorudia kusoma asilimia 42. Mwanafunzi anayesoma daftari lilelile mara tano usiku wa kuamkia mtihani anajihisi amelishika somo, na kwa usiku huo ni kweli amelishika. Afunge daftari, achukue kijiti, aandike mchangani anachokumbuka, kisha alifungue tena aone alipokosea. Gharama yake ni kijiti.

La pili limetoka hapahapa Tanzania. Katika miaka ya 2013 na 2014 mpango ulioitwa KiuFunza ulijaribiwa katika shule za msingi 350 za wilaya 10. Shule 70 zilipewa ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi; katika shule nyingine 70 walimu wa madarasa ya chini waliahidiwa bonasi kulingana na wanafunzi watakaofaulu kusoma na kuhesabu; shule 70 zilipata vyote viwili; na 140 hazikupata kitu, zikawa za kulinganishia. Ruzuku peke yake haikupandisha alama. Bonasi peke yake ilileta matokeo ya kuchanganya. Vilipokutana, watoto walipiga hatua ya kuonekana. Wapo waliousoma utafiti huo wakasema fedha hazina maana shuleni, na kwa maoni yetu wameusoma kwa jicho moja: ulionyesha kwamba vitabu bila mwalimu mwenye ari, na ari bila vitabu, havifiki mbali, ila vikiwa pamoja vinafika.

Mimi ni mwalimu mwenye wanafunzi 90 darasani. Nitafanyaje utafiti?

Anza na jambo dogo unaloweza kulihesabu. Kuna mwalimu tuliyefanya naye kazi aliyekuwa akilalamika kwamba watoto wake hawajui kusoma. Tulipoketi naye, tukaligawa lalamiko: wangapi hawatambui herufi, wangapi wanatambua herufi ila hawaungi silabi, wangapi wanasoma neno ila hawafikishi sentensi. Kumsikiliza kila mtoto kwa dakika mbili kulimchukua siku saba za mapumziko ya saa nne. Mwisho wake aligundua kwamba alikuwa akifundisha sentensi kwa watoto ambao kundi kubwa kati yao lilikwama kwenye silabi. Akawapanga kwa wanachokijua, badala ya darasa waliloandikishwa, kwa nusu saa kila siku, na baada ya mwezi akawasikiliza tena. Huo ni utafiti tumizi uliokamilika: una swali, una kipimo cha kabla na cha baada, na una uamuzi uliobadilika.

Tahadhari moja tu. Usiwasikilize watoto mbele ya wenzao. Mtoto anayechekwa huacha kusoma hata neno analolijua, na wewe utaandika kwamba halijui.

Mnauliza kwa lugha gani?

Kiswahili kwanza, lakini kwa mzee aliyekulia Kimakonde, Kimwera, Kiyao au Kimakua tunakuwa na mtu wa kwao. Maumivu, aibu na msiba husemwa vizuri kwa lugha aliyonyonyeshwa nayo mtu. Kwa wanafunzi wa sekondari tunauliza kwa Kiswahili hata kama somo limefundishwa kwa Kiingereza, isipokuwa pale tunapopima Kiingereza chenyewe. Vinginevyo mtoto anayeijua fizikia na asiyejua kuieleza kwa Kiingereza ataonekana hajui fizikia.

Kusini kuna makumbusho gani ya kufanyia utafiti wa wageni?

Ukichukua neno makumbusho kwa maana ya jengo lenye makabati ya vioo, utapata machache. Ukilichukua kwa maana ya mahali ambapo watu hufika kutazama yaliyopita, utajikuta na eneo kubwa. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, mkoani Lindi, yaliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004, na kutolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati. Mikindani kuna mji mkongwe wenye milango yake ya kuchongwa na boma la Wajerumani, na ndiko David Livingstone alikoanzia safari yake ya mwisho mwaka 1866. Kuna pia Tendaguru, ambako tutafika baadaye.

Utafiti wa wageni huko huuliza maswali ya kawaida mno. Mgeni anayevuka kwa boti kutoka Kilwa Masoko hutumia muda gani kwenye Msikiti Mkuu, na muda gani kwenye magofu ya jumba la Husuni Kubwa? Anasimama kwenye bango gani, na lipi analipita kana kwamba ni mti? Jua la saa saba mchana linamfukuza kutoka wapi? Mwaka 1916 Benjamin Ives Gilman wa makumbusho ya sanaa ya Boston alichapisha picha za mtu anayeinama, kuchuchumaa na kujinyonga shingo ili aone vitu vilivyowekwa chini au juu mno kabatini, akauita usumbufu huo uchovu wa makumbusho. Zaidi ya miaka mia imepita, na bado tunasimika mabango kwa urefu wa aliyeyasimika. Mzee mwenye mgongo uliopinda na mtoto wa darasa la tatu hawasomi bango hilohilo. Mmoja huona nusu ya chini, mwingine huona nguzo.

Je, mnaweza kumfuatilia mgeni kwa siri?

Hapana kwa siri ya kumnyatia. Kinachofanyika ni kubandika tangazo mlangoni kwamba leo kuna watafiti wanaotazama jinsi watu wanavyotembea, na asiyetaka amwambie mlinzi. Mtazamaji hukaa mbali na ramani na saa, akaandika mistari ya njia na dakika bila jina la mtu. Ukimwarifu mgeni mmoja mmoja usoni, atasoma kila bango kwa heshima yako, na utakuwa umepima adabu yake.

Kumuuliza mlangoni, "Umefurahi?" nako hakusaidii sana, maana mgeni mstaarabu hujibu kwamba amefurahi. Swali lenye mavuno ni, "Ukifika nyumbani utamsimulia nani, na utamsimulia nini?"

Vitu vya jando na unyago vionyeshwe makumbusho?

Hili halijibiki kwa ndiyo au hapana, na tunamwonea wasiwasi mtafiti anayelijibu haraka. Vinyago vya mapiko vya Wamakonde vilikuwa na siri yake: wanawake na watoto ambao hawajapita jandoni hawakutakiwa kujua kwamba chini ya kinyago yumo mtu wanayemfahamu. Leo mapiko huchezwa uwanjani mbele ya watalii, na kinyago hicho hicho huuzwa dukani. Hivyo kuna wanaosema siri imekwisha kufa, na kuna wazee wanaosema kilichouzwa ni mti tu, siri haijauzwa.

Njia tunayoipendekeza ni kuuliza kabla ya kutundika, na kuwauliza wanaume na wanawake katika vikao tofauti, kwa kuwa unyago una wenyewe. Yakipatikana makubaliano ya kuonyesha kitu bila kueleza matumizi yake yote, bango liseme wazi kwamba maelezo yameishia hapo kwa ombi la wenyewe. Kwa uzoefu wetu, mgeni husoma sentensi ile mara mbili.

Watu husema watafiti huja, wakachukua, wasirudi. Mnajibuje?

Tunajibu kwamba husema kweli, na kwamba Lindi ina ushahidi wa mifupa. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani alikuta mifupa mikubwa katika kilima cha Tendaguru. Kuanzia 1909 hadi 1913 makumbusho ya Berlin ilichimba huko ikiongozwa na Werner Janensch na Edwin Hennig, na mamia ya vibarua wa Kiafrika walichimba, wakafunga na kubeba vichwani, siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mizigo ambayo jumla yake ilizidi tani 200. Msimamizi wao stadi alikuwa Boheti bin Amrani, jina ambalo wanafunzi wa Lindi wangestahili kulijua kabla ya majina ya wale wawili. Dinosau aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo, aliyeishi miaka ipatayo milioni 150 iliyopita, amesimama Berlin tangu 1937 akiwa na urefu wa kwenda juu wa mita 13 na ushei. Mjadala wa kama arudi umekuwa ukiibuka na kuzama.

Huo ulikuwa utafiti wa kimsingi, na wa kikoloni. Hata hivyo hojaji nayo inaweza kubeba mzigo ikaondoka nao, tena bila kuhitaji wapagazi. Ndiyo maana katika ratiba yetu siku ya kurudisha matokeo inaandikwa kabla ya siku ya kuanza kuhoji, na nauli yake hutengwa mapema. Tunarudi na karatasi mbili, hatubebi kitabu, na tunasoma kwa sauti kwenye mkutano wa kijiji. Mara mbili wananchi wamekataa tulichokiandika. Mara moja walikuwa sahihi: tulisema wazee hawaendi kliniki kwa sababu ya umbali, wao wakatueleza kwamba siku ya kliniki iligongana na siku ya mnada, na gari pekee lilikuwa likienda upande wa mnada.

Vibali gani vinatakiwa?

Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1986, ndiyo inayoshughulikia vibali vya utafiti, na utafiti unaogusa afya za watu hupitia pia ukaguzi wa maadili, ambao kitaifa unasimamiwa na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR. Mwanafunzi huanza na barua ya chuo chake. Kisha barua hushuka ngazi: ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji, mwenyekiti wa kitongoji. Usiruke ngazi ya mwisho kwa kuwa ya kwanza imekubali. Muhuri wa mkoa haufungui mlango wa mtu.

Nikikubali kuhojiwa, naweza kubadili mawazo? Na mtoto je?

Unaweza kuacha wakati wowote, hata katikati ya swali, bila kutoa sababu na bila kupoteza huduma yoyote. Asiyeandika anaweza kuweka dole gumba mbele ya shahidi anayemwamini. Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kisheria, hivyo mzazi au mlezi hutoa ridhaa, lakini mtoto naye huulizwa; mama akikubali na mtoto akakataa, kazi imeishia hapo. Kwa mzee mwenye ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, ridhaa ya jana haitoshi. Tunamuuliza upya kila tunapofika, na tunatazama uso wake: akigeukia ukutani, huo ni mkataa, hata kama mwanawe anasema tuendelee.

Taarifa zangu zitakwenda wapi?

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika mwezi Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa aseme anazikusanya kwa kazi gani na asizitumie kwa nyingine. Majina tunayatenga na majibu tangu siku ya kwanza. Katika kijiji kidogo hilo nalo halitoshi: ukiandika "mwanamke wa miaka 90, aliyekuwa kungwi, anayeishi karibu na kisima," hujataja jina, lakini kijiji kizima kimemjua.

Kuna posho?

Hakuna malipo ya kujibu. Nauli hurudishwa, na anayeketi nasi saa mbili hupewa maji na kitu cha kutafuna. Tunajua posho imezoeleka, na hatumlaumu anayeuliza, kwa kuwa muda wake ni mali. Tatizo ni kwamba palipo na fedha ya kujibu, kila mtu hupata la kujibu.

Kwa nini kijiji cha jirani kilipata mradi na sisi mkatuhesabu tu?

Hili ndilo lalamiko zito kuliko yote. Bila kijiji cha kulinganishia, hatuwezi kujua kama wazee walipata nafuu kwa sababu ya mazoezi ya miguu tuliyowafundisha au kwa sababu mwaka huo korosho zilikuwa na bei na chakula kilikuwepo. Haki yake ina masharti mawili. Uchaguzi uwe wa kura, ipigwe hadharani, makaratasi yachanganywe kwenye kikapu na mtoto ayachomoe. Na mazoezi yakionekana yanasaidia, kijiji kilichongoja kiyapate. Mtafiti asiyeahidi la pili kwa maandishi asikubaliwe la kwanza.

Kuna kazi inayowakutanisha wote watatu?

Ipo tunayoipenda, nayo ni ya pishi na kibaba. Wanafunzi huja mahali pa makumbusho na kukuta vyombo vya kupimia nafaka, bila maelezo. Wazee waliowahi kuvitumia wamekaa karibu. Bango pekee linasema: muulize aliyeketi. Mtoto hujifunza kwamba vibaba vinne ni pishi moja, hubishana na bibi kuhusu kibaba cha kufutwa na kibaba cha kichuguu, na bila kuambiwa huanza kupima ujazo, jambo ambalo darasani lilikuwa na fomula na halikuwa na mchele. Tunachopima ni vitu vitatu: mtoto anakumbuka nini baada ya wiki mbili, mzee amezungumza kwa dakika ngapi ikilinganishwa na siku yake ya kawaida nyumbani, na mgeni mwingine anayepita husimama au hupita tu.

Tulikosea mwanzoni. Tulimpa kila mzee kiti chake nyuma ya meza, wakaonekana kama maafisa wa kusajili laini za simu, na watoto wakapanga foleni kimya. Tulipoondoa meza na kutandika mkeka, kelele zikaanza.

Naweza kuleta swali langu mwenyewe?

Ndiyo, na huhitaji barua. Tuna daftari la maswali, na mengi yaliyomo hatukuyafikiria sisi. Mvuvi wa Msimbati alitaka kujua kama baba yake asiyesikia anaweza kufundishwa ishara akiwa na miaka 70. Mwanafunzi wa kidato cha pili aliuliza kwa nini anaelewa hesabu za kaka yake kuliko za mwalimu. Na bibi mmoja wa Nachingwea, tulipokuwa tunakunja karatasi zetu tuondoke, alituambia tuandike lake: kwa nini akienda hospitali na mwanawe, daktari humsalimia yeye shikamoo, kisha humuuliza mwanawe anaumwa wapi. Tumeliandika kama alivyolisema. Wauguzi wawili wamekwisha kuomba walichukue.